Mchoro Usimame: Vidokezo vya Kujenga Modeli ya Karatasi

Umechora. Mistatili miwili mitatu, tepe nyembamba, kipande cha duara, na mstari wa mshazari uliopita juu ya vyote bila kuomba ruhusa. Kwenye karatasi mpangilio umetulia. Sasa mwalimu wa studio, au roho yako tu, anasema: simamisha mchoro huo. Hapo wengi wetu hukata kila umbo, tukaligundisha juu ya kijiboksi, yote kimo kimoja, na kazi ikaisha imefanana na makontena yaliyosahaulika bandarini.

Zoezi lenyewe ni kongwe, lina miaka 100 na ushei. Moscow, kwenye chuo cha VKhUTEMAS kilichoanzishwa mwaka 1920, Nikolai Ladovsky aliwafanya wanafunzi wa usanifu majengo wajenge nafasi kwa mikono kabla hawajaruhusiwa kuwa na majibu kwenye karatasi. Ujerumani, shule ya Bauhaus nayo ilikuwa na somo la awali ambamo karatasi tupu ilikuwa malighafi kamili. Zana zao unazipata leo steshenari ya mtaani kwako. Usichoweza kununua ni uamuzi. Mchoro haukwambii kipi kiinuke na kipi kilale. Hilo utaliamua wewe, mstari kwa mstari, na ndiyo kazi yote.

1. Punguza kabla hujaanza

Mchoro wenye maumbo 20 unapendeza daftarini na unakutesa mezani. Bakiza matano hadi saba. Tuchukue mfano mmoja twende nao hadi mwisho: mraba wa sentimita 20 kwa 20. Ndani yake kuna mstatili mnene umelala chini kushoto. Kuna mraba mdogo ulio karibu na katikati, ila haukukaa katikati kabisa. Upande wa kulia kuna tepe tatu nyembamba zinazokwenda sambamba, na kona ya juu kushoto imejibanza robo ya duara yenye nusu kipenyo cha sentimita 6. Mshazari unatoka kona ya chini kushoto hadi ya juu kulia. Basi. Ukiweza kufuta umbo mojawapo na mchoro usiyumbe, lifute bila huruma.

Kama huna mchoro wako, usihangaike kubuni. Chukua ramani ya nyumba ya kale ya mawe ya Lamu. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba, vimelala sambamba kimoja nyuma ya kingine, kwa sababu upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti ya mkoko, ambao ni karibu mita mbili na nusu hadi tatu. Tayari huo ni mpangilio wa tepe, tena wenye sababu.

2. Kila mstari upewe kazi

Kipengele hiki ndicho kinachotenganisha modeli na pambo la kadi, kwa hiyo tukae nacho.

Mstari kwenye mchoro ni mstari tu. Kwenye modeli unaweza kuwa mambo manne tofauti: mahali pa kukata, mahali pa kukunja, ukingo wa kitu kilichoinuka, au kivuli. Chukua ule mshazari wetu. Ukiufanya ukuta, unagawa uwanja vipande viwili na mtu wa upande huu hamwoni wa upande wa pili. Ukiufanya mkunjo, ardhi nzima inainama na sasa una kilima na bonde bila kuongeza hata kipande kimoja. Ukiufanya mpasuo, mwanga unapenya chini yake na unapata mstari mweusi uliokatika kwa kisu. Na ukiamua kwamba ni kivuli, hutaujenga kabisa. Utajenga kitu kingine chenye kimo na pembe inayofaa, kisha ukiache kichore mshazari huo chenyewe mwanga unapokipiga.

Angalia: mstari mmoja, majengo manne yasiyofanana.

Kwa hiyo nakili mchoro wako kwenye karatasi nyingine, chukua kalamu za rangi, uanze kugawa kazi. Wengi hutumia nyekundu kwa kukata, bluu kwa kukunja, na penseli kwa mistari iliyobaki kuwa mawazo. Fanya nakala mbili au tatu zenye mgawo tofauti. Ukishindwa kuamua kazi ya mstari fulani, mara nyingi mstari huo haukuwa na haja ya kuwepo.

El Lissitzky alisomea usanifu majengo Darmstadt kabla ya kuwa mchoraji, na kuanzia mwaka 1919 alitengeneza michoro aliyoiita Proun, ambayo kwake ilikuwa njia panda kati ya picha na jengo. Mwaka 1923, kwenye maonyesho ya sanaa ya Berlin, alipewa chumba kidogo akakigeuza Proun ya kuingia ndani: mbao na maumbo yaliyotokeza ukutani, mengine yakianzia ukuta mmoja na kuendelea kwenye wa pili. Hilo la kupita kona libebe. Tepe yako haina lazima ya kuishia pale mchoro unapoishia. Inaweza kupanda ukuta ikaendelea na safari.

3. Andika vimo kwenye mchoro

Kabla ya kisu, andika tarakimu ndani ya kila umbo: 0, 5, 12, 45, kwa milimita. Ruhusu na hasi. Shimo la milimita 5 lina nguvu kuliko sanduku la milimita 5.

Epuka vimo vinavyokaribiana. Umbo la milimita 20 likiwa jirani na la milimita 23 litaonekana kosa la kukata. Ama yalingane kabisa, ama tofauti ionekane hata na mtu aliyesahau miwani. Mchoraji Kazimir Malevich, kwenye modeli zake za plasta za miaka ya 1920 alizoziita arkhitektoni, alifanya hivyo kwa ujasiri mkubwa: bonge moja linalotawala, kisha vipande vingi vidogo vimelisogelea ubavuni kwa hatua. Jicho linajua mara moja nani mkubwa.

Kosa lingine la kawaida ni kudhani kwamba rangi nzito kwenye mchoro lazima iwe kimo kikubwa. Ule mstatili mnene wa chini kushoto unaweza kuwa shimo. Jaribu, utaona mchoro mzima unavyogeuka.

Ukichagua ramani ya Lamu, vimo unavyo tayari. Toka kiwanda, ambacho ni ua wa ndani, unapanda vyumba kwa zamu: msana wa tini (wa chini), kisha msana wa yuu (wa juu), kisha kile kiitwacho ndani, na kila hatua sakafu inainuka kidogo. Kwa skeli ya 1:50 mnyanyuko wa sentimita 15 unakuwa milimita 3, yaani tabaka chache za kadi ngumu. Zidaka, yaani vile vishubaka vya ukutani, utazipata kwa kukata tu, bila kuongeza kitu.

4. Ijue karatasi yako

Uzito wa karatasi huandikwa kwa gramu kwa mita moja ya mraba. Karatasi ya A0 ina eneo la mita moja ya mraba, na A4 ni sehemu ya 16 ya hiyo. Kwa hiyo A4 ya gramu 80, ile ya mashine ya fotokopi, ina uzito wa gramu 5. Hiyo inafaa kwa majaribio. Kwa kazi ya kusimama tafuta ya gramu 160 hadi 220. Manila nyeupe za madukani nyingi ziko karibu na hapo, lakini zishike mwenyewe, kwa sababu mafungu hayafanani. Zaidi ya gramu 250 mkunjo unaanza kupasuka usipoandaliwa vizuri. Kwa kitako tumia kadi nene au boksi, ila lile boksi lenye mawimbi ndani lifunike kwa karatasi nyeupe kingo zote. Mawimbi yakionekana yanavuta jicho kuliko kazi yako.

Halafu kuna jambo ambalo watu hulipuuza kisha wakailaumu gundi: karatasi ina mwelekeo wa nyuzi. Ilipotengenezwa kiwandani nyuzi zake zililala kufuata mwendo wa mashine. Ikunje kidogo kwa urefu bila kuivunja, kisha kwa upana, usikilize vidole. Upande unaokubali kirahisi ndio ambao mkunjo unakwenda sambamba na nyuzi. Kama bado una shaka, ichane: kufuata nyuzi mchano unakwenda karibu na mnyoofu, kuzikata unatangatanga.

Mkunjo unaofuata nyuzi hutoka safi. Unaozikata hutoa vipasuko vidogo juu ya mgongo wake. Ukuta mrefu wenye nyuzi za wima husimama vizuri zaidi. Weka alama ya mshale kwa penseli nyuma ya kila karatasi kabla hujaanza kukatakata, maana vipande vidogo vikishachanganyika hakuna tena wa kukwambia.

5. Kisu kikali, rula ya chuma

Sina mengi hapa. Rula ya plastiki italiwa na kisu siku ya kwanza. Kipande cha kigae au kioo kinafaa kukatia juu yake ila kinaua makali haraka. Kadi nene ni rafiki zaidi. Vunja ncha ya kisu mara kwa mara, kwani makali yakiisha kisu hakikati, kinachana. Pitisha mara mbili au tatu kwa mkono mwepesi badala ya kukandamiza mara moja. Kata matundu ya ndani kwanza, mzunguko wa nje mwisho, karatasi iwe na mwili wa kushika. Na vidole vikae nyuma ya rula, mbali na ukingo.

6. Kunja kabla ya kugundisha

Shika karatasi ya A4 kwa ukingo mmoja. Inaanguka. Ikunje mara moja kwa urefu, uishike tena. Imenyooka kama ilivyoagizwa. Hujaongeza uzito wala gundi. Umeipa umbo tu.

Somo hilo ndilo Josef Albers alilolifundisha Bauhaus kuanzia mwaka 1923. Hannes Beckmann, mwanafunzi wake, alisimulia baadaye jinsi Albers alivyoingia darasani na furushi la magazeti, akawagawia, akawataka watengeneze kitu kwa kuiheshimu karatasi ilivyo. Aliporudi alikuta vinyago, mashua, makasri, ndege na wanyama. Akavipa hadhi ya michezo ya chekechea. Kisha akaonyesha kazi ya kijana mmoja wa Hungaria aliyekuwa amelikunja gazeti kwa urefu likasimama, basi. Hoja yake ilikuwa kwamba karatasi iliyolala ni laini na inaonekana upande mmoja, na huyu, kwa mkunjo mmoja, ameifanya iwe ngumu na pande zake zote mbili zionekane.

Kwa karatasi ngumu, usikunje kwa vidole peke yake. Tafuta kalamu ya biki iliyokwisha wino, weka rula, bonyeza mstari unaoingia bila kuchana, ndipo ukunje. Mgongo wa kisu unafaa pia ukiwa na mkono mwepesi. Mikunjo ina aina mbili, mlima unaokuja kwako na bonde linalokukimbia. Ziandike kwenye mchoro mapema, ule wa bluu uugawe: mstari mzima kwa mlima, nukta kwa bonde. Zile tepe tatu za mfano wetu, ukizikunja kama mlima na bonde kwa zamu, zinakuwa ukuta wa mikunjo unaojisimamia bila nguzo.

7. Kata bila kutenganisha

Njia ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu mchoro hauvunjiki: unapasua pande mbili za umbo, unaliinua, na shimo lililobaki linakuwa sehemu ya kazi. Kila kilichosimama kinaonyesha kilikotoka.

Msanifu wa Kijapani Masahiro Chatani alianzisha aina nzima ya sanaa kwa njia hii mwanzoni mwa miaka ya 1980, kadi ambazo ukizifungua hadi pembe ya nyuzi 90 jengo linasimama. Hesabu yake ni rahisi ukiishika mara moja. Tuseme unataka sanduku lenye kimo cha sentimita 4, lililotokeza sentimita 2 kutoka ukutani. Chora mstari wa katikati wa kadi, utakaokuwa kona kati ya ukuta na sakafu. Pasua mistari miwili ya wima inayolingana, kila mmoja ukianzia sentimita 4 juu ya mstari wa katikati na kuishia sentimita 2 chini yake. Urefu wa mpasuo ni 6, yaani kimo jumlisha kina. Juu kabisa, kati ya mipasuo, kunja bonde. Shuka sentimita 2, kunja mlima. Chini kabisa, bonde jingine. Mstari wa katikati wenyewe unaukunja bonde nje ya mipasuo tu; ndani ya sanduku usiuguse. Funga kadi nusu, fungua, sanduku limetokeza.

Ule mraba mdogo wa karibu na katikati unapenda sana kutengenezwa hivi. Na juu ya sanduku la kwanza unaweza kupasua la pili, dogo zaidi, kwa hesabu ileile ukichukua ukingo wa sanduku la kwanza kama kona mpya.

8. Ndimi fupi, gundi kidogo

Vipande vinavyounganishwa kwa gundi viachie ulimi wa milimita 5 hadi 7, kona zake zikatwe mshazari ili zisichungulie nje. Ulimi uelekee ndani ya umbo daima.

Gundi nyeupe, ile ya mbao, inatosha. Ipake kwa kijiti cha mshikaki, tabaka nyembamba, sekunde chache hewani, kisha bana. Vibanio vya nguo vinafanya kazi nzuri kuliko vidole vyenye haraka. Gundi ikiwa nyingi maji yake yanaingia kwenye nyuzi na ukuta unavimba, na ukishavimba haurudi. Supaglu iache: inapenya karatasi, inaacha doa gumu, na haikupi nafasi ya kusogeza kipande kilichokaa upande.

Kumbuka unene. Kuta mbili za milimita 1 zikikutana kona, mmoja lazima upunguzwe milimita 1, la sivyo sanduku la sentimita 5 litakuwa na upande wa sentimita 5 na milimita 1, na kifuniko kitagoma.

9. Robo ya duara na mipaka yake

Karatasi inakubali kupindwa upande mmoja. Bomba inakubali, koni nayo inakubali. Kuba inakataa, kwa sababu kuba inapinda pande mbili kwa wakati mmoja na karatasi haivutiki. Ukitaka kuba, utaijenga kwa vipande vyembamba vyenye ncha mbili vilivyounganishwa ubavu kwa ubavu, na itabaki na kingo kingo. Si aibu, kingo hizo zinaweza kuwa ndiyo uzuri wake.

Robo yetu ya duara, basi, iwe ukuta uliopinda. Urefu wa karatasi unaohitajika ni nusu kipenyo mara 1.57: sentimita 6 inakupa sentimita 9 na milimita 4. Wengi hupima kwa rula kutoka ncha hadi ncha, wakapata 8 na nusu, kisha ukuta ukawa mfupi na tao likanyooka. Pitisha karatasi kwenye ukingo wa meza kwanza, ukiivuta taratibu, ili ijifunze kupinda kabla haijakutana na gundi. Nyuzi zikiwa za wima, kazi ni nyepesi.

Yale mapaa ya zege ya Soko la Kariakoo aliyoyasanifu Beda Amuli, soko lililofunguliwa mwaka 1975, yanayofunguka juu ya nguzo zake kama miavuli, ni mfano mzuri wa umbo linalotamanisha. Ukitaka kitu cha jamii hiyo kwenye modeli, usipigane na pindo. Vunja uso huo kuwa pembetatu, kunja mlima na bonde, uache macho yamalizie.

10. Nyeupe, peke yake

Shawishi zipo: kuta nyekundu, nyasi za kijani, gari dogo la kuchezea. Kataa zote mpaka umbo lijitetee. Kwenye modeli nyeupe rangi pekee ni kivuli, na kivuli hakifichi makosa ya kimo.

Kipime kwa tochi ya simu. Zima taa, weka tochi pembeni, chini, kisha izungushe polepole. Nyuso zilizokuwa zimejificha zitajitokeza, na zile ulizodhani ni muhimu huenda zikapotea. Ukitaka jua lenyewe, nenda asubuhi au alasiri. Ukanda wetu jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, na hata siku nyingine saa sita mchana linakaa juu mno. Kuta zinakosa kivuli na modeli inaonekana imelala tena. Kama mshazari wako ulipewa kazi ya kuwa kivuli, huu ndio wakati wa kujua kama umeajiriwa.

11. Weka mtu

Kata kijitu cha karatasi. Kwa skeli ya 1:100 mtu wa mita 1.7 ana milimita 17. Kwa 1:50 ana milimita 34. Kwa 1:200 ana milimita 8 na nusu. Kata wote watatu, uwapitishe mmoja mmoja mbele ya modeli ileile.

Tepe yenye kimo cha milimita 9 mbele ya mtu wa 1:50 inafika sentimita 45: ni baraza, mtu anakaa, anapiga soga. Mbele ya mtu wa 1:200 ni ukuta wa mita 1.8 unaomzidi kichwa kidogo, na upande wa pili haujulikani una nini. Hujabadilisha chochote. Ndiyo maana sioni haraka ya kuchagua skeli mwanzoni; mwache kijitu atembee, aingie pale penye mpasuo, asimame chini ya kile kilichotokeza, kisha uchague ukubwa unaofanya mahali hapo pawe na maana.

12. Rudi kwenye mchoro

Modeli ya kwanza iwe ya fulskepu, ndogo, robo ya ukubwa, iliyoshikwa kwa solotepu. Usiipende. Tengeneza kadhaa, uzipange dirishani, uzitazame ukiwa unapita na kikombe cha chai. Iliyo nzuri hukuita yenyewe.

Ukiipata, ipige picha kutoka juu kabisa, simu ikiwa sambamba na kitako, kisha ilinganishe na mchoro wa awali. Haitafanana, wala haihitaji kufanana. Huenda tepe ya tatu ilisogea kupisha ulimi, au mraba ulikua kwa sababu kivuli chake kilidai nafasi. Chora upya kwa kufuata modeli, ndipo ukate ile safi. Mchoro wa pili karibu kila mara unaushinda wa kwanza. Modeli uliyoijenga bila kuugusa mchoro wake tena, mimi huitilia shaka.

13. Unyevu, vumbi, na safari

Karatasi hunywa unyevu wa hewa na hutanuka zaidi kukata nyuzi kuliko kuzifuata. Pwani, msimu wa masika, kitako kilichobandikwa karatasi upande mmoja tu kitajikunja hata kama ulikiacha kimenyooka jana yake. Kibandike karatasi pande zote mbili, nyuzi zikielekea upande mmoja, na ukilaze chini ya vitabu usiku kucha kabla ya kujenga juu yake.

Vumbi liondoe kwa brashi laini ya rangi, kavu. Usipulize, mate yanaacha alama.

Kwa safari, tafuta boksi lenye kimo cha modeli jumlisha vidole viwili, bandika kitako kwenye sakafu ya boksi kwa tepu ya kuviringisha, na uandike juu mshale mkubwa. Kwenye daladala ipakate. Kondakta atakwambia uiweke nyuma pamoja na mizigo, kwamba hakuna shida. Ipakate.